Mama, Nimeifuta Kazi ya Nadhiri

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yaendeleaje? Rukia aliniambia imevimba tena tangu matangani, na kwamba hospitali hutaki kwenda. Nenda, Mama, nakuomba. Mimi mwili mzima, ila chakula hakinipiti vizuri tangu mlipomzika mdogo wangu Nadhiri bila mimi.

Nakuandikia kwa karatasi, nimpe mtu wa Muyeye anayerudi, kwa sababu kwenye simu nikimtaja Nadhiri tu wewe hulia, nami hulia, na maneno hayasemwi.

Majuzi Rukia alinipigia. Akasema, "Shemegi, simu ya marehemu mume wangu haiachi kulia. Ni Bi Zena wa Mtwapa, yule mwenye duka la dawa. Hajui. Nami siwezi kumwambia." Akanisomea ujumbe: "Nadhiri mwanangu, ile mashine yako imelala. Hapa nina mama katoka Adu, mtoto wake ana kifafa na dawa imeniishia. Nimwelekeze duka gani?"

Waijua ile kazi ya mwanao. Mwenye duka akitafuta dawa, programu ya Nadhiri huenda ikauliza maduka yote yaliyojiunga, toka Malindi mpaka Mtwapa, ikarudi na jibu iko wapi. Aliitengeneza peke yake pale ukumbini pako, nawe ukimgombeza kwa nyaya zake.

Nikamwomba Rukia paswadi, nikaingia kutoka huku. Ugonjwa wa mashine niliuona upesi, kwani ndiyo kazi yangu huku. Tiba ndiyo iliyonitesa. Wenye seva, ile kompyuta ya kukodi inamokaa programu, walikuwa wamebadilisha mitambo yao, na maktaba aliyoitegemea Nadhiri ni ya zamani. Maktaba hii, Mama, si ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, wewe ukaichukua ukajengea juu yake. Aliyeiandika ameitupa, haulizwi akajibu. Nikaiweka upya, ikakataa: yataka toleo la zamani la kitu kingine. Nikaliweka hilo, likaharibu cha tatu. Mwisho ikakubali kukaa, nikafurahi, nikauliza dawa. Kila duka likaifungia mlango, kwani haikujua njia mpya za usalama.

Basi ikanibidi niing'oe yote, pamoja na kila alichokijenga Nadhiri juu yake.

Nilisoma kila mstari kabla ya kuufuta. Alikuwa akiacha maneno ya Kiswahili pembeni, ya kujikumbusha. Penye hila moja ya kulizunguka kosa lililomshinda, ameandika: "Kaka akiona hapa atacheka." Nikacheka kweli, Mama. Kisha nikaenda kujifungia chooni hapo kazini, nikalia mpaka Mmisri ninayefanya naye kazi akaja kugonga.

"Umefiwa tena?" akauliza.

Nikanawa uso, nikarudi, nikaufuta. Nakala nimeiweka, lakini haina kazi tena. Inayokwenda sasa nimeiandika mimi, na inakwenda vizuri kuliko yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Bi Zena akauliza dawa yake, na jibu likaja: iko Kilifi, katika duka ambalo yule mama wa Adu alilipita njiani bila kuingia. Mtoto alikuwa ameanguka tena, lakini alhamdulillahi ameipata.

Halafu Bi Zena akatuma ujumbe humo humo ndani ya programu, nikauona mimi: "Ahsante Nadhiri mwanangu. Nilijua hutanitupa. Ukipita Mtwapa, njoo ule."

Nikaandika, "Mimi si Nadhiri." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Habari kama hii haipelekwi kwa simu, Mama. Rukia yumo edani, hatoki. Nakuomba umtume dada yangu Mwanajuma aende Mtwapa. Asimwambie mlangoni. Akae naye kitako kwanza, wasalimiane, wanywe maji, ndipo amwambie. Mimi sijamjibu, namngoja Mwanajuma.

Mpe pole Rukia, na umwambie simu ile aizime sasa, apumzike. Msalimie Mjomba aliyeingia kaburini mahali pangu kumlaza ndugu yangu. Sina cha kumlipa ila dua. Nisalimie na jirani zetu wa mlango wa pili waliowapikieni siku zote zile.

Radhi zako ndizo ninazoishi nazo huku.

Mwanao wa kiume aliyebaki,
Twalib