Kutoka Acton hadi Georgetown Bila Wewe

Mama Neema, rafiki yangu,

Siwezi kutulia. Tangu tukuzike nimepanga upya makabati yote ya jikoni, nikayapangua. Kwenye basi nashuka kabla ya kituo changu ili nitembee, na nikifika nyumbani natafuta sababu ya kutoka tena. Mume wangu anasema nimeota magurudumu. Basi Jumamosi nikakipeleka kikundi chako cha matembezi kwenye ile safari uliyoipanga ulipokuwa bado na nguvu: tushuke treni Acton, tukatize nyika kwa miguu, na tukifika Georgetown tupande treni ya kurudi. Uliipanga wewe, matope tukayala sisi.

Nilikuwa na sababu yangu, nayo ni Neema. Mwanao hataki jina lako litajwe. Tukianza kukukumbuka kanisani, anatoka nje. Nikimpigia simu ananijibu Kiingereza kifupi kama mtu wa benki, kisha anakata. Nilikuwa naogopa kwamba tunampoteza na yeye. Nikamlaghai kidogo, nikamwambia tunahitaji mtu mwenye miguu mizuri akae nyuma ya msafara, asiachwe mtu. Akaja, kanuna, muziki masikioni.

Kule juu nyikani, Mama Neema, hakuna hata mti wa kukukinga na upepo. Ni majani makavu, mawe, na maji yaliyojificha chini ya majani. Unakanyaga ukidhani ni ardhi, mguu unazama mpaka gotini. Mimi nilikuwa mbele naenda mbio tu. Watu wakalalamika, "Dada Rehema, kwani tunakimbizwa na nani?" Nikisimama nakukumbuka, kwa hiyo sikusimama.

Nilisimama tulipofika kwenye uzio, nikaona Neema anatokea peke yake. Babu Baraka hayupo. Unamjua, yule mstaafu wa Brampton anayebeba chapati za kutosha harusi. Nikamuuliza Neema, Babu yuko wapi? Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Babu mwenyewe amesema anakuja. Amesemaje hasa? "Nakuja."

Siku nyingine ungecheka mpaka ukae chini. Mtu akikwambia "nakuja" huku anakupa mgongo na kuelekea kichakani, si unamsubiri? Anarudi sasa hivi. Neema alielewa kwamba Babu anamfuata nyuma, naye akaendelea na safari. Simlaumu. Ulimlea kwa Kiingereza huku ugenini, Kiswahili ukakibakiza cha kumgombezea.

Nilipomweleza, uso wake ukabadilika, nikadhani ni aibu. Kabla sijamaliza alishageuka, anakimbia kurudi kwenye yale maji. Nikamfuata mbio, kwa sababu upepo ulikuwa umechachamaa na Babu ana sukari. Mbele yangu nikamsikia mtoto anaita, "Babu! Babu uko wapi?" Kiswahili, kwa sauti yake yote.

Tulimkuta amekaa kwenye jiwe, buti moja mguuni, la pili limemezwa na tope. Mzima kabisa, ila amekasirika. "Si nilikwambia nakuja? Mbona umeniacha, mjukuu wangu?"

Neema akapiga magoti, akaingiza mikono matopeni kulitafuta lile buti. Halafu akamuuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Ukisema nakuja... wewe, unarudi?"

"Narudi, ndiyo. Ningekuwa nakuaga ningesema naenda."

Akaliachia buti, akakaa kwenye tope lile lile, akalia. Nilimkumbatia, nikachafuka mpaka kichwani, na ndipo akaniambia. Siku ile watu wa gari la wagonjwa walipokutoa, pale nyumbani kwenu Thorncliffe Park kwenye mlango wa lifti, ulimshika mkono ukamwambia, "Nakuja, mwanangu." Yeye akaona mama anabebwa kwenda nje, na bado anasema anakuja. Akaamua kwamba akili imekutoka, hujui uko wapi wala unaongea na nani. Hata daktari alimwambia hivyo. Miezi yote hii, Mama Neema, mtoto alikuwa anaamini kwamba ulikufa umeshamsahau. Na mimi nilidhani ana kiburi.

Nilimfafanulia neno kwa neno ulichosema. Kwamba unatoka kidogo, akusubiri, utarudi.

Treni ilituacha. Tulikaa Georgetown na soksi mbichi, tunakula chapati za Babu, na Neema akasimulia habari zako mpaka treni ya pili ikaingia. Tulicheka. Nililia pia, usidhani.

Nakuahidi nitaongea naye Kiswahili kila Jumapili, akinijibu kwa Kiingereza nitajifanya kiziwi. Nenda kapumzike, rafiki yangu, usiwe na wasiwasi naye. Mtoto wako anajua sasa kwamba ulimtambua.

Wako,
Rehema