Marahaba Zako, Baba Mkwe

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Nakuandikia mchana huu nikiwa kivulini, ubavuni mwa tembe lako hapa Mgori. Upepo unapeperusha makapi ya uwele uani, na kigoda chako kipo palepale mlangoni. Mwanao, mume wangu, yuko machungani, mama mkwe amesinzia. Saa kama hizi ndipo unaponijia, ukisokota kamba yako taratibu, macho yako mbali.

Unakumbuka nilivyoletwa? Nilitoka Ulemo bila neno moja la Kinyaturu, lugha yenu, nawe ulikuwa na Kiswahili ulichokiokota ukibeba mizigo ya askari kwenye vita vya Mjerumani. Nikajipa moyo kwamba tutaelewana. Asubuhi ya kwanza nilipiga goti mbali nawe, macho chini, sauti chini, kama mkamwana aliyefundwa vizuri, nikakusalimu. Hukuitika. Kesho yake hukuitika. Nikasema moyoni, mzee huyu hanitaki.

Kumbe hata majirani hukuwaitikia. Wakasema mzee amekasirika, na mzee akikataa salamu ni balaa, wakaanza kuzungukia nyuma ya zizi ili wasikutane nawe. Mwanao akachinja kondoo akuombe radhi. Ulikula, baba, ukalamba na vidole, kisha ukauliza, "Leo kuna sherehe gani?" Nilitaka kucheka na kulia papo hapo. Tangu siku ile mwanao naye akanyamaza, na mimi nikaacha kupiga goti. Nyumba nzima ilikuwa kimya, wakisikika tu kuku wakiparua.

Nilivumilia mpaka nikachoka. Siku niliyopanga kurudi kwetu nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, ila nikaona nimchotee mama maji ya mwisho. Nikajikwaa nyuma ya mgongo wako. Mtungi ukapasuka, mbwa akakurupuka, kuku wakatawanyika. Wewe ukaendelea na kamba yako. Nilisimama pale nikingoja matusi. Hukugeuka mpaka maji yalipofika nyayo zako, nawe ukainua uso kutazama mbinguni kama mvua imenyesha.

Ndipo nikakuzunguka nikasimama mbele yako, nikakutazama usoni, jambo ambalo lingemfanya mama yangu anizabe kofi. Nikasema polepole, "Shikamoo, baba." Ulitazama midomo yangu, uso wako ukakunjuka.

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi watu wa hapa hamnisalimii?"

Kumbe ulikuwa husikii! Aibu iliyonishika ninayo mpaka leo. Miaka miwili mizima ulikaa katikati yetu ukidhani tumekususa, nasi tukidhani wewe ndiye uliyetususa. Nilikwenda ndani nikafungua nguo zangu.

Kumpigia kelele baba mkwe sikuweza, hilo lilinishinda kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi nilikusogelea, nikakichukua kiganja chako nikakiweka kichwani kwangu. Mama alifoka, "We mkamwana! Tangu lini mkwe akashikwa?" Nikamjibu, "Mama, ndivyo anavyosikia." Siku ya tatu nilimkuta anakusogezea kigoda kwenye mwanga, ili utuone vizuri.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Akili yako ilikuwa imeshaanza kutembea peke yake. Uliniita kwa jina la mwenzako wa kwenye msafara wa vitani, ukanihimiza nisiutue mzigo, mto uko karibu. Mwanao ulimuuliza ni mtoto wa nani, akatoka nje akaegemea zizi. Mimi hujiuliza kama akili yako haikwenda kutafuta watu wa kuzungumza nao, kwa vile sisi tulikunyima maneno. Sijui, baba. Inaniuma tu. Ila kiganja kikigusa kichwa changu ulisema "Marahaba," hata siku ulizosahau kula.

Halafu kikaja kile kiangazi cha mwisho, vumbi jekundu limetanda, jua limefifia. Ulikaa kwenye kigoda ukiitikia uwanja mtupu. "Marahaba. Marahaba, mwanangu." Unatikisa kichwa, unaitika tena, kama watu wanapita mbele yako mmojammoja.

"Anamwitikia nani?" mama alininong'oneza.

Nilikumbuka zile asubuhi zangu zote za kusalimu bila kuitikiwa. Nikaweka ungo chini, nikaenda mpaka pale nilipokusalimu siku ya kwanza, mbali nawe, nikapiga goti. Sikusema kitu. Wala hukuwa unatazama upande wangu.

"Marahaba," ukasema, "mkamwana wa Ulemo."

Tangu tukuzike, kila asubuhi nikipita kwenye kigoda chako napiga goti na kukusalimu kwa sauti ambayo ilinipasa kuitumia tangu mwanzo. Majirani wananicheka, waache wacheke. Nakukumbuka sana, baba. Pumzika. Sisubiri kuitikiwa, ulishaniitikia.

Ni mimi,
mkamwana wa Ulemo