Kwa Clifford Garrod, na Tundu Tupu la Droo ya Sita

Mwaka umetimia, Clifford, tangu Jumanne ile ya Oktoba ulipopelekwa hospitali ukiwa na soksi zenye tope la shamba la mkulima Kett, na hukurudi tena.

Wengine huandika hapa gazetini kwamba marehemu wao alikuwa mpole. Wewe pia ulikuwa mpole, isipokuwa mtu aliposhika sarafu kwa katikati badala ya ukingoni. Ulifukia kila shimo ulilochimba ukisaka sarafu na kufunga kila geti ulilolipita. Chochote ulichookota kwenye shamba la mtu, ulikipeleka kwanza mezani kwa mwenye shamba, ukiwa na matope hadi magotini, huku mama wa nyumba akikufokea kuhusu zulia lake.

Kwa miaka thelathini na minane ulikusanya peni za fedha za wafalme wa kale, zile zilizogongwa kwa nyundo moja moja. Ulikuwa unaongea nao hao wafalme jikoni. "Henry, mzee wangu, nani kakukata ukingo hivi?" Mimi huku nikidhani kuna mgeni, natoa kikombe cha tatu.

Hospitalini uliniambia, "Muriel, kabati liende makumbusho kama lilivyo. Kila sarafu na karatasi yake chini yake. Bila karatasi hakuna atakayejua ilitoka shamba gani, na mimi nitakuwa nimetembea bure." Nilikuwa nimekushika mkono. Nikaapa.

Sasa nisikilize, maana jambo hili sijalisema hadharani. Siku ya tisa baada ya mazishi, Desmond Thurlow, katibu wa klabu yenu ya wasaka sarafu, alituma salamu kwamba wanakuja Jumamosi kuliangalia kabati. Si unanijua mimi na vumbi. Nikatoa sarafu zote kwenye droo zote, nikazimwaga juu ya taulo la jikoni. Vile vikaratasi vyako vya mviringo nikavikusanya kwenye bakuli la pai. Nikafuta kitambaa cha kila droo mpaka kikang'aa. Kisha nikageuka kuzirudisha, nikashika moja, nisijue ni ya tundu lipi. Sarafu mia mbili na kitu, zote nyeusi, zote na mfalme mmoja aliyetumbua macho. Nilikuwa nadhani kila moja ina jina lake juu, kama barua.

Ile Jumamosi nilimwambia Desmond nimepoteza ufunguo. Ulikuwa ndani ya kopo la unga. Aliporudi mara ya pili nikamwambia, "Bado, Desmond. Sijawa tayari kuliachia." Akavua kofia. "Pole, shemeji, chukua muda wako." Wote wakanionea huruma, mke wa kasisi akaleta keki ya matunda, na mimi nikawa nimejifunga mwenyewe. Huo uongo ulikuwa mtamu kwao, wangeukataaje?

Hilary wetu alikuwa ameshaniandalia chumba kwake Cromer. Kila Jumapili alipiga simu. "Mama, kitanda kipo, bahari unaiona dirishani. Unangoja nini humo ndani peke yako?" Nikamwambia siwezi kuliacha kabati. "Basi lipeleke makumbusho uje." Siwezi. "Mama, baba amekufa, usizikwe naye." Nikamkatia simu, na tulikaa wiki tatu bila kusemeshana. Angejuaje kwamba meza yote ya chakula imejaa sarafu na mapazia nimeyafunga mchana kutwa? Nilikula nimesimama kwenye sinki. Doreen, dada yangu wa damu, nilimpokelea mlangoni kama mchuuzi. Nyumba ile ambayo nilikuwa nikitaka kuihama miaka ishirini ndiyo ikanifungia.

Ikabidi nijifunze kujua kila sarafu ni ya karatasi ipi. Nilichukua vitabu vyako na ile lenzi yako ya kukuzia, nikajikaza kisabuni. Nilianza na nyuma ya sarafu, kwenye jina la aliyeigonga na mji wake. Hapo nikapata thelathini na sita, nikajiona bingwa. Kisha nikaingia kwenye kundi la peni zenye msalaba mfupi, na kumbe zote zimeandikwa Henry. Richard katawala akafa, John katawala, na wote wameacha jina la baba yao juu ya fedha yao. Nilikutukana siku hiyo, Clifford, wewe na ukoo wao wote.

Lakini kitabu kikasema tazama nywele. Vikunjo viwili sikioni, au vitatu, au kimoja kilichojiviringa na nukta katikati. Nikaketi kitako. Mimi nimeseti nywele za wanawake wa kijiji chetu miaka thelathini na moja, naijua rola iliyoviringa nywele za mtu hata akiwa amezilalia. Hapo sasa wafalme wakawa wateja wangu. Huyu kaviringwa vizuri, huyu kaharakishwa, huyu aliyemshughulikia hajui kazi. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimefika tisini. Zile zilizofanana hata nywele nikazitenganisha kwa uzito, maana uliuandika kwenye kila karatasi, nami nikanunua mizani ya sonara.

Nikasoma na yale mengine uliyoandika humo. Shamba la Kett, mvua. Shamba la kanisa, na Desmond, kasahau supu. Shamba la Kett, Hilary kafaulu mtihani. Hukuwahi kuniambia kwamba uliandika na sisi.

Mwezi wa nne meza ilikuwa tupu. Kila sarafu iko kwenye tundu lake, na mkononi nimebaki na karatasi moja. Peni ya Mfalme Stephen, imegongwa mjini Rising. Karatasi ipo, sarafu haipo. Uzito hukuandika wala shamba, nikadhani ulipitiwa.

Hapo ndipo palipokuwa gereza lenyewe. Nilipasua mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi nikauchambua juu ya gazeti. Nilifungua bomba la sinki. Nilichekecha udongo wa maua ya dirishani kwa chekeche la unga. Mia mbili na kumi na tatu ziko salama, na hiyo moja niliyoipoteza ikanishika shingo miezi mitano. Niliapa, na ungeniuliza ningekujibu nini?

Mwezi wa tisa Desmond akaja na kikapu cha plamu, akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kama wewe ulivyomzoesha. Akanikuta sakafuni, nimeng'oa ubao mmoja kwa bisibisi.

"Shemeji, unatafuta nini?"

Nikachoka kusema uongo. Nikamweleza yote, kuanzia taulo mpaka bomba. Akanisikiliza kofia mkononi. Kisha akavuta droo moja, akavuta na nyingine, akainua sarafu moja akasoma karatasi yake, akaangalia nyingine kumi.

"Ni wewe uliyezirudisha hizi?"

"Nani mwingine?"

"Hata mimi nisingeweza," akasema. "Hebu nipe hiyo karatasi."

Akaisoma. Akakaa juu ya kiti changu cha kushonea akacheka mpaka akafuta macho, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka.

"Haina uzito, shemeji. Haina shamba. Hakuwahi kuwa nayo. Sote tunafanya hivi, ile unayoitamani unaiandikia karatasi na kuiachia tundu. Ukiipata ndipo unaipima. Clifford kaingojea hiyo ya Rising tangu namfahamu."

Nilikukasirikia, Clifford, kisha nikalia, kisha tukala plamu. Ningemwuliza mtu mmoja swali moja mwezi wa nne, mwezi wa nne ningekuwa huru.

Kabati limeondoka Jumatatu iliyopita. Droo ya sita ina tundu moja tupu na karatasi yako imelala ndani, na watu wa makumbusho wameahidi hawataigusa. Ahadi yangu nimeitimiza. Nimeshahamia Cromer, ile niliyokuwa nikikuomba tuhamie ukaniambia tungoje kwanza Kett alime, uone udongo umetoa nini. Bahari ipo dirishani, na bado nakula nimesimama.

Nyuma ya mlango wa Hilary kuna kulabu tano za makoti, na sisi tuko wanne. Nimekata karatasi ya mviringo kwa mkasi wangu wa nywele, nikaibandika juu ya ile ya tano. Nimeandika: Clifford Garrod, wa shamba la Kett. Uzito sikuandika.

Tunaokukumbuka ni mkeo Muriel, binti yako Hilary na mumewe Neville, mjukuu wako Imogen, shemeji yako Doreen, na Desmond pamoja na wenzako wa klabu. Hatutakusahau, na nafasi yako hatumpi mtu.