Ramani Mbili za Kalerwe na Nsambya

Nsambya, Kampala
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia Tumaini akiwa amelala miguuni pangu, na nguo zake bado mbichi kwenye kamba kwa sababu ya mvua. Goti lako linasemaje? Dada anasema unalipaka dawa halafu unaenda kulima, kana kwamba dawa ndiyo ruhusa. Pumzika, Mama. Sisi wazima, ila kuchoka. Baba Tumaini bado yuko Moroto na polisi wenzake, na simu yake inapatikana akipanda kilima tu.

Uliniuliza kama nikuletee Tumaini akae kwako mpaka aanze shule, kwa kuwa ulisikia chumba cha kulelea watoto kinafungwa. Nilichelewa kukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Kichwa changu kimevurugika mpaka leo. Ngoja nikueleze.

Shirika letu lina vyumba viwili vya kulelea watoto wakati mama zao wanahangaika. Kimoja kiko Kalerwe, nyuma ya soko, ninapofanya kazi na Tumaini anaposhinda. Kingine kiko huku Nsambya, karibu na nyumba za polisi tunapoishi. Pango limepanda, ikasemwa kimoja kifungwe. Madamu Ritah, mkubwa wetu, akasema hataki ugomvi, ramani ndiyo itakayoamua. Akanigeukia mimi, eti kwa sababu nilisoma kompyuta kidogo kule Kigoma.

Kazi yenyewe ni hivi. Una jedwali kwenye kompyuta, majina ya akina mama yameteremka upande mmoja, na upande wa pili postikodi ya kila mmoja. Unaongezea humo kiprogramu kidogo, unabonyeza, nacho kinasoma zile namba na kuipaka ramani rangi. Penye watu wengi panakolea, pasipo na watu panabaki peupe. Huko kwetu ungeona ni rahisi, namba imepigiliwa mlangoni kwenye kibao. Hapa namba zipo, ila sijakutana na mtu anayeijua yake. Nimeuliza mpaka askari wa getini. Basi kila mama akanitajia mtaa anaolala, nami nikatafuta namba ya mtaa huo kwenye orodha ya ofisini.

Mara ya kwanza kubonyeza, akina mama wote wakahamia Ulaya. Sikuwa nimeandika nchi, na kumbe namba kama zetu ziko kwa watu wengine pia. Nalongo, yule mama wa mapacha anayeuza kabichi, alikuwa amekuja kuchukua wanawe. Akachungulia, akauliza huko kwenye baridi kabichi inauzwa shilingi ngapi. Nikaongeza safu ya nchi, nikabonyeza tena.

Wakarudi Uganda. Lakini Kalerwe ikabaki nyeupe, Mama, na Nsambya nyekundu kama nyanya. Madamu Ritah akaridhika, akasema basi, Kalerwe hakuna watoto. Alisema hivyo tukiwa Kalerwe, na nyuma ya ukuta wa mbao watoto walikuwa wanalia mpaka ikabidi arudie ndipo nimsikie.

Nilizipitia namba upya, zote sawa. Hata mimi nilikuwa nimehesabiwa Nsambya. Nikamfuata Nalongo sokoni, nikamwuliza tena anakaa wapi. Hakuacha kubandua majani ya kabichi.

"Wewe unataka pahali nalala, ama pahali napatikana?"

Nikamwambia sijui.

"Nalala Kisenyi. Lakini kuja kunitafuta Kisenyi mchana, utazeeka."

Nikaona nimepata dawa. Nikawapitia wote, wa Kalerwe na wa Nsambya, nikaweka safu mpya: postikodi ya mahali mama anaposhinda. Nikabonyeza, Kalerwe ikaiva. Hiyo sikukaa kuichunguza. Nikampa Madamu, akaipeleka kwa wafadhili, na Ijumaa asubuhi jibu likaja: Kalerwe inabaki, Nsambya inafungwa wiki hii.

Nilifurahi kidogo tu, kisha nikamkumbuka Mama Apio. Huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa Lira, mume wake naye polisi. Ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipotoka kujifungua, wewe ukiwa mbali. Anauza chai mjini, na binti yake Apio anashinda kwenye chumba cha Nsambya. Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Alinisikiliza huku anakunja nguo.

"Kwenye hiyo ramani mimi umeniweka wapi?"

Nikamwambia mjini, kwenye chai.

"Na Apio?"

Mama, Apio hayumo. Wala Tumaini hayumo. Nilihesabu mama wanapolala, nikahesabu mama wanaposhinda, sikuuliza mtoto anaachwa wapi. Ramani ya kwanza iliificha Kalerwe, ya pili ikaificha Nsambya, na zote mbili nimezipaka rangi mimi. Ya kwanza niliichunguza kwa sababu ilimgusa mwanangu. Ya pili mbona niliiachia? Najiuliza hata nikiosha vyombo. Mama Apio hakunitukana. Alinipa karanga za Tumaini kama kawaida yake, nikashindwa hata kushukuru vizuri.

Jana nikamweleza Madamu Ritah. Akauliza chumba kimoja kinataka ramani ngapi. Nikamwambia hii moja tu, ya watoto, na kwamba ile ya pili ina jina langu chini, sitaki ibaki peke yake. Alishika kichwa. Akasema niitengeneze, ataitazama, lakini wafadhili wakishasema wamesema. Pengine rangi itakuwa sawa huku na huku, na hapo sijui watachagua kwa kutumia nini.

Kuhusu Tumaini, jibu ni hapana. Sikunyimi mjukuu, na najua huko angenenepa. Lakini baba yake hayupo, na yeye akiondoka nitakuwa narudi kwenye chumba kitupu, naye ataanza kuniita kwa jina langu kama watoto wa Dada wanavyomwita yeye. Usinitulize kwa hilo wala usinishawishi kupitia kwa Dada. Nikipata likizo tutakuja wote wawili.

Nisalimie shangazi mshonaji, mjomba fundi wa baiskeli, na Dada anayekusomea barua hii. Asiruke mistari ya kumhusu. Mwambie bibi kitenge chake nimekiona, bado kukinunua.

Nilimwomba Mama Apio niwe naenda na Apio kazini, akakataa mara mbili, akisema Kalerwe ni mbali na mimi nimechoka. Leo asubuhi ameniletea mfuko wa nguo za Apio, akauweka mlangoni na kurudi kwake. Basi kesho natoka mapema, Tumaini mgongoni, Apio mkononi.

Ni mimi binti yako,
Zawadi