Mama Mkwe na Ghorofa ya Tano Isiyo na Lifti

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana yamenifika hapa shingoni, na dalali anataka jibu kabla ya Jumamosi, na mume wangu Po-hsun kila nikifungua mdomo ananiambia mambo si yameshakaa sawa, sasa unanuna nini, na mimi siwezi kumwambia ninachonunia, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tumepanga hapa Yonghe, kichochoro kimoja na mama mkwe wangu, yeye upande ule sisi upande huu, na ufunguo wa kwetu anao, na anautumia. Nikirudi kazini nakuta sufuria zimehamishwa, nguo zangu za ndani zimekunjwa upya kwa sababu eti nilivyozikunja mimi zinashika ukungu, na siku moja nilitoka kuoga na taulo tu nikamkuta sebuleni anamenya figili, akaniangalia, akasema, "Yi-chen, umekonda," akaendelea kumenya. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana angekuwa mbaya tungeshagombana zamani yakaisha.

Basi tumekusanya pesa tununue kwetu. Majengo mapya hatuyawezi hata kwa ndoto, tumebaki na haya ya zamani, kuta zinatoka jasho na nyaya zinaning'inia kila mahali. Dalali, kijana mmoja anaitwa Tseng, akatuonyesha nyumba mbili kwenye jengo moja, mtaa wa pili tu kutoka hapa, moja ghorofa ya pili na nyingine ya tano, juu kabisa, ambayo ni nafuu kidogo lakini paa linavuja chumba cha nyuma. Mume wangu akataka ya pili. Mimi nikang'ang'ania ya tano, nikasema mwanga, nikasema hewa, nikasema kule juu hatutasikia pikipiki, nikasema mpaka nikaishiwa maneno. Ukweli ni huu, mshauri, na sijamwambia mtu: jengo halina lifti, na mama mkwe ana magoti mabovu.

Nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe mama alivyosikia ni ghorofa ya tano, akaanza mazoezi. Kila asubuhi anakwenda kwenye jengo ambalo wala hatujalinunua, anapanda ngazi polepole na chupa yake ya supu ya mbavu, anapumzika, anapanda tena. Mzee Chiu wa ghorofa ya tatu alimkuta ameketi kwenye ngazi anahema, akamtolea kiti, na wale wa ghorofa nyingine nao wakaona haya, wakatoa vyao, sasa kila ghorofa ina kiti cha mama na wapangaji wote wanaijua historia ya ndoa yangu. Nikimwambia asijitese, ananijibu daktari amesema ngazi ni dawa.

Halafu yuko Bibi Kuo wa chini kabisa, ambaye majirani wamembembeleza miaka na miaka akubali lifti ijengwe, akakataa katakata, kwa sababu itakula uwanja wake wa mbele anakoanika mboga zake za chumvi. Sasa ni rafiki wa mama, wanakunywa chai. Juzi tulipokwenda kuangalia lile paa, akanishika mkono mbele ya mume wangu.

"Wote nimewakatalia," akasema. "Lakini kwa ajili ya yule mama, nitatia saini. Una bahati ya mkwe, binti."

Mume wangu machozi yakamlenga. Mimi nikasema ahsante, ningesemaje?

Sasa, mshauri, tununue hiyo ya tano na lifti yake, turudi kwenye ya pili, au tubaki tulipo nizeeke nikikunjiwa nguo? Mimi nataka nyumba ambayo nikifunga mlango, umefungwa. Je, ni mengi hayo?

Niliyechoka, Yonghe

*

Mwanangu uliyechoka,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika.

Pole kwanza. Mtu mzima kukutwa na taulo ndani ya nyumba anayoilipia kodi si jambo dogo, na asikwambie mtu kwamba unadeka. Ufunguo wa dharura si ufunguo wa kuja kumenyea figili. Hapo niko upande wako.

Lakini hebu jitazame. Unataka kubeba mkopo mpaka nywele ziwe nyeupe, ununue paa linalovuja, upandishe mchele begani, ushuke mbio na mifuko ya taka kila gari la taka likipita likipiga muziki wake, yote hayo kwa kuogopa kumwambia mwanamke mmoja sentensi moja. Hapo hununui nyumba, unanunua ua kwa bei ya nyumba, na ua wenyewe umesharukwa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Na hayo magoti uliyoyategemea, hata wewe unayo, yanasubiri zamu yake.

Lifti usiihesabu. Saini iliyoahidiwa kwenye chai bado si saini, na nimeona majengo mengi ya umri huo yakikubaliana mwezi huu na kugombana mwezi ujao. Ukinunua, nunua kama mtu atakayepanda kwa miguu maisha yake yote.

Mwambie Tseng Jumamosi haiwezekani. Hakuna dalali asiyekuwa na mnunuzi mwingine anayesubiri mlangoni, wewe mwache amuuzie huyo. Kisha mkalishe mumeo umwambie yote, na magoti usiyaruke. Atakasirika, ana haki. Akishatulia, jiulizeni wote wawili: mama angekuwa anaishi mbali huko Kaohsiung, tungechagua ipi? Hiyo ndiyo yenu. Nahisi ni ya pili, na mumeo alikuwa sahihi tangu mwanzo, jambo ambalo najua litakuuma. Kama jibu ni hakuna hata moja, bakini mnapopanga na mbadilishe kitasa.

Kwa mama nenda peke yako, na matunda mkononi. Usimtume mwanawe. Mwambie, "Mama, karibu siku yoyote, ila piga simu kwanza, na ukifika ugonge." Usiongeze neno. Atanuna, pengine mpaka mwaka mpya. Kununa hakuui. Lakini mwanamke aliyepanda ngazi zile na magoti yale anastahili kuambiwa ukweli akiwa ameketi.

Na usikawie. Mwanangu wa kiume alinunua ghorofa ya tano isiyo na lifti huko Zhonghe mwaka aliooa. Waliniambia wameipendea mwanga, na miaka yote hii nimekuwa nikiusifia mwanga huo kwa kila anayeniuliza kwa nini siwatembelei, mpaka barua yako ilipofika mezani kwangu. Zungumza na mama mkwe wako leo, kwa mdomo wako mwenyewe. Gazeti hili na yeye hulisoma.