Bahasha Kumi na Moja za Daktari Léon Uyirwoth

Baba, mwaka umezunguka na kurudi pale pale ulipotuacha: Jumanne ya mvua, chai yako ya tangawizi ikiwa bado moto mezani, viatu vyako vikiwa vimeelekezwa mlangoni. Ulisema utajilaza kidogo tu, kisha ushike njia ya Mongbwalu. Moyo wako haukukubali safari hiyo. Tangu siku ile tunakula tukiwa wanne.

Tunakumbuka ulivyovuka mtaa wa Mudzipela kwa miguu kila asubuhi kwenda kufundisha utabibu. Vijana wa moto, waendesha pikipiki za abiria, walikuwa wakikuita, "Docta, basi panda! Profesa muzima anatembea kama mwanafunzi?" Nawe, bila kusimama: "Miguu yangu haiombake mafuta, mwanangu." Siku ya kukuzika walikuja wote, wakazima pikipiki zao na kuzisukuma kwa mikono mpaka makaburini. Hatukuwaomba.

Tunakumbuka kazi yako. Miaka minne ulitafuta, kwa tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, ule ugonjwa wa selimundu, ambao watu wa kwetu wanauita SS, unaowatesa watoto kwa maumivu ya mifupa na kuwamaliza damu. Ulitufundisha kwamba ukijulikana mapema mtoto hupata dawa, mama hujifunza dalili za hatari, na wengi hukua. Na ulikuwa na sheria yako moja. "Jibu nzuri, hata muuguzi anaweza kuipeleka," ulikuwa ukisema. "Jibu mbaya nitaipeleka miye mwenyewe, nikae chini na mama." Bahasha ya jibu ilikuwa ya mama, hukumruhusu mtu mwingine aifungue. Wenzako wakikuharakisha, "Muzee Léon, watu wa Ulaya wanangojea makala," ulijibu, "Wangojee. Mama wa mutoto alianza kungojea mbele yao."

Sasa tukuambie jambo linalotulemea, maana humu nyumbani hatukuwahi kukuficha kitu.

Tulipotoka kukuzika, dada yako mkubwa, Tantine Godelive, alifunga chumba chako cha kazi kwa ufunguo. Hiyo ni desturi ya ukoo wetu: vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka ndugu wakutane mwaka ukitimia. Mkoba wako wa ngozi ulibaki juu ya kabati; tuliuona kila siku kupitia dirishani. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini. Tulidhani tunakuheshimu.

Ilipita miezi tisa. Kitivo kikaandaa sikukuu kubwa. Maabara mpya ilikuwa inafunguliwa, wasaidizi watatu uliowalea walikuwa wametetea tasnifu zao, na makala yenu ilikuwa imechapishwa, jina lako mbele. Waliomba toga yako, lile joho la uprofesa, waitandike kwenye kiti cha safu ya kwanza. Binti yako Christella akaenda kuomba ufunguo.

"Weye mutoto," Tantine alimwambia, "kitu ya mufu haiguswake mbele ya mwaka."

"Tantine, ni toga tu."

"Leo toga, kesho utavaa mpaka viatu yake!"

Lakini alimpa. Christella alipovuta toga kutoka juu ya kabati, mkoba ukaanguka nayo. Ndani mlikuwa na bahasha kumi na moja, zimefungwa. Juu ya kila moja, kwa mwandiko wako, jina la mama na njia ya kumfikia: nyuma ya kanisa, mlango wa bluu; karibu na kisima, uliza mshona nguo. Aliketi sakafuni. Alijua ni majibu ya namna gani, kwa sababu mazuri hukuyabeba wewe.

Unamjua Christella, Baba. Kanisani hata "Amina" anaisema moyoni. Kesho yake aliketi katika ukumbi uliojaa maua, mkoba magotini, akimsikiliza Doyen, mkuu wa kitivo, akihesabu mafanikio yao. Doyen alisema kwa moyo mweupe kwamba familia zote zimepewa majibu. Wenzako waliamini ulikwisha kumaliza zile safari, maana hukuwa mtu wa kutangaza kazi iliyobaki. Watu wakapiga makofi. Ndipo Christella akaitwa jukwaani kupokea diploma yako ya heshima.

Aliipokea. Kisha akasema, kwa sauti ambayo safu ya tatu haikuisikia, "Si familia zote. Bahasha kumi na moja ziko hapa. Zilikuwa kwetu."

Doyen alivua miwani. Makofi yalikwisha. Gauthier, msaidizi wako wa mwisho, alisimama katika safu ya pili na tai yake mpya. "Tunaenda kesho asubuhi," akasema.

Walikwenda Mongbwalu, yeye na Christella, kwa barabara ile uliyoizoea, matope mpaka magotini. Akina mama kumi walipokea bahasha zao, na Gauthier alikaa chini na kila mmoja kama ulivyomfundisha. Watoto wao leo wanafuatwa na kupewa dawa.

Wa kumi na moja ni Mama Alphonsine, wa mlango wa bluu. Mtoto wake, Orly, alikuwa amekufa siku tatu kabla ya Noeli, kwa homa na maumivu ambayo hakuna aliyejua kuyapa jina. Alisoma karatasi, akaikunja, akaifungua tena.

"Hii ilikuwa wapi?"

Gauthier alitaka kujibu. Christella alimtangulia. "Kwetu, Mama. Juu ya kabati."

"Na mulikuwa munaiona?"

"Tulikuwa tunaona mukoba kila siku."

Hakuna anayeweza kutuambia kwamba karatasi ile ingemwokoa Orly. Hakuna anayeweza kutuambia pia kwamba isingemwokoa. Tunalala na hilo.

Mama Alphonsine aliingia ndani. Walidhani amewafukuza. Alirudi amebeba mtoto wa wiki mbili, akamfungua kitambaa miguuni, akamnyoosha kisigino mbele ya Christella.

"Chukua na damu ya huyu," akasema. "Lakini jibu, ikuwe nzuri, ikuwe mbaya, utaileta weye. Usitume mutu."

Bahasha ya mtoto huyo imetoka maabarani jana. Haikukaa juu ya kabati. Iko ndani ya mkoba wako, na mkoba unaning'inia kwenye msumari wa mlango. Hatujui ndani mna nini. Ni ya mama yake. Misa yako itakapokwisha asubuhi ya leo, Christella hatabaki kula nasi. Ataondoka kwenda Mongbwalu.

Wanaokukumbuka kwa machozi: mkeo Honorine, dada yako Godelive, ambaye amerudisha ufunguo, na watoto wako Christella na Emery.

Daima, Baba, kila tutakapobisha hodi kwa mama anayengojea, tutakukumbuka.