Herufi za Mama Kwenye Boti ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimemwachia. Sisi huku tunapumua. Baba anakula, analala, na bado anabishana na redio. Najua umelalamika kwamba tangu atoke hospitali hapokei simu zako, nami nimekujibu mara tatu kwamba simu yake ina hitilafu. Hilo nitalifikia, nivumilie kidogo.

Uliniagiza boti ing'ae kabla baba hajarudi, ili macho yakishatibiwa kitu cha kwanza kukiona kiwe hicho. Nilikubali haraka, maana unanijua, nakubali kwanza halafu ndipo nauliza. Maisha yangu yote nimeng'arisha viatu tu. Nilipoitazama ile boti ya faiba juu ya magogo nyuma ya nyumba, imepauka, ukiigusa inakuachia unga mweupe mkononi, nilijiambia hiki ni kiatu kikubwa tu.

Basi nikaifanya kiatu. Sikuiosha vizuri, sikuisugua kwanza kuutoa ule unga. Nilichukua nta, nikaipaka nene boti nzima, kisha nikaiacha juani inywe, kama ninavyoacha ngozi kavu inywe mafuta. Faiba hainywi kitu, dada. Niliporudi kutoka kula, nta ilikuwa imekauka ikawa gamba lenye mabaka, kitambaa kinateleza juu yake tu. Nilisugua hadi bega likagoma. Nilikaa chini nikaona aibu mbele ya boti.

Jirani yetu wa gereji alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba nta ni ya mwisho, hupakwa nyembamba, kivulini, kipande kwa kipande, na kwamba mimi nilikuwa nimeufungia uchafu ndani. Akaniazima mashine yake ya kung'arishia na kopo la dawa kali ya kusugulia, akanionya nisiikazie mahali pamoja, na nisiisogeze kabisa kwenye maandishi. Nilimwambia nimeelewa.

Na kweli ubavu wa kulia ulitoka vizuri mno. Nilijiona humo, nikajichekea. Wa kushoto nao hivyo hivyo. Kichwa kikavimba. Nilipofika nyuma, gamba la nta lilikuwa limeng'ang'ania palepale juu ya lile neno NAKUJA. Unakumbuka mama alivyoliandika kwa mkono wake mwenyewe kumtania baba, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kila alipoitwa na chakula kinapoa. Nilitaka kupitisha mara moja tu. Nilipozima mashine palikuwa peupe, panang'aa, haujabaki hata mkia wa herufi.

Siku mbili baadaye baba akaletwa. Unajua alivyosema daktari, kwamba macho hayarudi. Baba alitaka apelekwe kwenye boti kabla hata ya kuketi. Alipitisha kiganja ubavuni, akacheka, akasema imekuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Kisha akafika nyuma, akaanza kutafuta. Jambo hili mimi sikulijua, na sidhani kama wewe ulilijua: mama alipaka rangi nene, ile J ikaachwa na tone lililoganda mkiani, na tangu mama afariki baba amekuwa akiligusa tone hilo kila anapotoka na boti. Alipapasa juu, akapapasa chini, akaniuliza kama amekosea upande. Nilikunjakunja kitambaa mkononi, nikamwambia upande ni huohuo. Ndipo akauliza ni nani amelifuta.

Dada, nilisema ni wewe. Nilisema uliagiza neno lifutwe ili boti ionekane mpya. Wala sikufikiri, lilinitoka tu. Baba akasema basi, kama dada yako ndivyo alivyotaka. Simu yake haina hitilafu yoyote. Ikilia ananiuliza ni nani, nikimwambia ni wewe anaigeuza kifudifudi.

Kila asubuhi naamka nikisema leo namwambia, na kila asubuhi ananiwahi kwa wema. Jana alinishika mkono tukaenda nyuma ya boti, akaniomba niliandike upya lile neno. Alisema hawezi kumpa kazi hiyo mtu mwingine, maana katika nyumba hii mimi ndiye niliyebaki nikiheshimu vitu vya mama. Rangi ninayo, brashi ninayo. Nimefungua kopo mara mbili, nikalifunga. Mkono hauendi, na mdomo hauendi.

Njoo, dada. Usipige simu, njoo mwenyewe. Nikikuona mlangoni sitakuwa na pa kujificha.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Jirani wa gereji anakusalimu. Baba hakukusalimu, na kosa hilo ni langu.

Ni mimi mdogo wako,
fundi viatu